Badiliko Nisiloliombea Kibali

Kwa miaka sita nilifanya kazi katika maabara ndogo ya kupima samaki pale Nyakato, nyuma ya kiwanda cha sabuni, mahali ambapo harufu ya sabuni na harufu ya sangara ziligombania dirisha letu kila siku bila kupatikana mshindi. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu bakteria. Watu wa viwandani na wa mialoni, kule mitumbwi inakoteremsha samaki, walituletea minofu, sato wabichi, dagaa wakavu, hata barafu. Tulisaga kidogo, tukachanganya na maji safi, tukamimina kwenye visahani pamoja na agari, ule uji unaoganda kama jeli na ambao bakteria hupenda kuota ndani yake. Baada ya siku mbili kwenye kabati la joto tulihesabu madoa yaliyoota. Doa moja lilimaanisha bakteria mmoja aliyekuwa hai siku ile. Mama mkwe wangu, nilipomweleza haya kwa mara ya kwanza, aliuliza kama serikali inajua kwamba naotesha wadudu kwa makusudi.

Msimamizi wetu wa ubora alikuwa mama wa Kisukuma kutoka Magu, binti wa wakulima wa pamba, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba na kalamu nyekundu iliyochomekwa kwenye nywele. Wote tulimwita Mama, hata meneja aliyemzidi umri. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha tunapima leo kama tulivyopima jana. Mbinu ya kupima ikishajaribiwa na kuthibitishwa kwamba inatoa majibu ya kweli, hakuna mtu aliyeruhusiwa kuigusa bila yeye kujua.

"Mbinu iliyothibitishwa," alikuwa akituambia, "ni ugali uliokwisha iva. Ukiongeza maji, huo si ugali tena. Ni kitu kingine, na lazima utuambie ni kitu gani."

Aliyetaka kubadili chochote alijaza fomu, na Mama aliyapanga mabadiliko kwa aina tatu. Dogo ni lile lisiloweza kugusa jibu, kama kubadili rangi ya lebo. Hilo alilisaini papo hapo. La kati ni lile ambalo huenda likagusa jibu, kwa hiyo lazima tupime kwa njia ya zamani na njia mpya bega kwa bega, tulinganishe. Kubwa ni lile linalogusa moyo wa mbinu. Hilo lilidai mbinu ithibitishwe upya, kisha isainiwe na watu watatu, mmoja wao akitoka nje ya maabara.

Mpango huu ulikuwa mzuri kazini. Shida ni kwamba Mama aliutumia hadi nje ya kazi. Dada aliyetuletea chai alipoacha maandazi na kuanza kuleta chapati, Mama alitafuna, akasema, "La kati." Nilipompelekea kadi ya harusi yangu aliisoma mbele na nyuma, kisha akanitazama juu ya miwani.

"Hili ni kubwa, mwanangu. Umelithibitisha?"

Yaliyonikuta yalianza na kopo la unga wa agari. Mfanyabiashara aliyetuuzia alisema kopo tulilolizoea limekwama bandarini, akatuletea la kiwanda kingine. Nikajaza fomu dakika tano, nikaweka alama kwenye kisanduku cha badiliko dogo, nikampelekea Mama nikiwa tayari nimevaa glavu.

"Kwa nini umeandika dogo?"

"Mama, ni agari ileile. Viungo vilevile. Kopo tu ndilo limebadilika."

"Nani kakwambia viungo ni vilevile?"

"Wameandika kwenye kopo."

"Kopo," alisema, akaitoa kalamu nyekundu kwenye nywele. "Yaani shahidi wako ni kopo."

Akakata alama yangu, akaandika: la kati. Akapanga sampuli kumi, kila moja ipimwe na mimi, na ipimwe pia na mwenzangu, kila mmoja kwa agari ya zamani iliyobaki na kwa agari mpya. Mwenzangu alikuwa binti wa Ukerewe, hodari, mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa mdomo. Hesabu yake ilikuwa ya haraka: visahani visivyo na idadi, wiki mbili bila kupumua.

"Ungeandika la kati mwenyewe," aliniambia, "angalau tungekuwa tumenyimwa usingizi kwa heshima."

Nilinuna. Nakiri nilinuna kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mtu mzima. Kila asubuhi niliwasili nikasema shikamoo Mama kwa sauti ya mtu anayedai haki yake, naye akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu asiyedaiwa kitu.

Baada ya wiki mbili tulikaa watatu mezani na karatasi za majibu. Agari ya zamani na agari mpya zilikubaliana vizuri mno, sampuli baada ya sampuli. Nilianza kutabasamu. Nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia Mama, maneno ya upole lakini ambayo hangeyasahau, ndipo nikaona amegeuza karatasi upande na anasoma safu badala ya mistari.

"Agari hazina ugomvi," alisema. "Ninyi wawili ndio mna ugomvi."

Tuliangalia. Ni kweli. Kwa kila sampuli, kwa agari yoyote, hesabu zangu zilikuwa chini ya za mwenzangu. Zilikuwa chini sana: yeye akipata madoa mia, mimi napata sitini; yeye themanini, mimi hamsini. Hakuna hata sampuli moja niliyomzidi.

"Labda anaongeza bakteria wake mwenyewe," nilisema.

"Wangu nimewaacha nyumbani," alijibu mwenzangu. "Kuna baridi humu."

Mama hakucheka. Kesho yake alivuta stuli, akakaa hatua mbili kutoka kwenye meza yangu, akaweka mbinu iliyoandikwa mapajani, na kuniambia nipime kama ninavyopima siku zote, nisimjali. Jaribu wewe kutomjali mtu wa namna hiyo. Alikuwa anafuata mstari kwa mstari kwa ncha ya kalamu. Nilipima uzito, kalamu ikashuka. Nikasaga, kalamu ikashuka. Nikachanganya na maji, ikashuka tena. Kisha nikatoa chupa ya agari iliyoyeyushwa, nikaiegemeza shavuni, nikasubiri kidogo, nikaanza kumimina.

"Simama hapo."

Nikasimama.

"Umefanya nini?"

"Nimepima joto, Mama. Kuona kama imepoa."

"Umepima kwa kifaa gani?"

Nilitazama huku na huku kana kwamba jibu lingeweza kuwa la mtu mwingine. "Kwa shavu."

Alinisomea mstari. Agari ipozwe katika beseni la umeme la maji hadi nyuzi arobaini na tano, ipimwe kwa kipimajoto, ndipo imiminwe. Akaigeuza karatasi, akatazama nyuma, akaigeuza tena. "Natafuta shavu," alisema. "Silioni."

Nikajieleza. Mzee aliyenifundisha kazi, ambaye sasa amestaafu na anafuga mbuzi karibu na Usagara, alinionyesha wiki yangu ya kwanza: agari ikivumilika shavuni, iko tayari, isipovumilika, subiri. Beseni la umeme lilichukua saa nzima kupata joto, na siku umeme ukikatika lilikuwa beseni tu. Shavu halikatiki umeme. Tena nilikuwa na hoja ya nguvu. Kila mwaka mimi na mwenzangu tulipimishwa sampuli moja kwa siri ili kuona kama tunakubaliana, na mwaka uliopita tulikubaliana vizuri kabisa. Kama shavu lina kosa, mbona mwaka jana halikuonekana?

Mama alifikiri. Hoja ilikuwa nzuri, naye alikuwa mtu wa haki.

Mwenzangu, aliyekuwa anaosha mikono huku ametupa mgongo, alisema bila kugeuka, "Mama, mwaka jana hakuwa na ndevu."

Mkono wangu ulipanda wenyewe ukazishika. Zilikuwa ndevu nzuri, niseme kweli. Nyeusi, za mviringo, nimezichonga kwa kinyozi wa Mabatini kila Jumapili. Mke wangu alisema zimenipa sura ya mtu mwenye mpango. Mama aliinuka, akachukua kipimajoto, akakichovya kwenye chupa niliyokuwa nimeitangaza kuwa tayari. Kikapanda, kikapita arobaini na tano, kikapita hamsini, kikasimama juu yake kidogo. Tukarudia kwa chupa mbili nyingine. Kila mara nilisema "tayari" kwa moyo mweupe, na kila mara kipimajoto kilinikana.

Ilikuwa wazi hata kwangu. Ndevu zilikuwa zimekaa kati ya ngozi na chupa kama blanketi. Kwa muda wote huo nilikuwa nawaogesha bakteria maji ya moto kabla ya kuwahesabu, kisha naandika kwamba ni wachache.

Mwenzangu alicheka mpaka akakaa chini. Nami nilianza kucheka, nikaona Mama ametoa fomu mpya, na kwenye nafasi ya maelezo anaandika kwa mwandiko wake wa shule ya misheni: *Ndevu za mchambuzi.*

"Mama, tafadhali."

Akaweka alama kwenye kisanduku cha tatu. Kubwa.

"Mama! Ndevu ni badiliko kubwa?"

"Sijasema ndevu." Aliiweka kalamu chini, na sauti yake ilikuwa imepungua ukali. "Kipimajoto kiliondolewa kwenye mbinu hii miaka sita iliyopita na hakuna aliyeambiwa. Wewe hukujua kwamba umebadili kitu, kwa sababu ulifundishwa hivyo. Ndevu zimetusaidia tu kuona. Tungekuwa na bahati mbaya, ungekuwa unanyoa kila siku mpaka ustaafu."

Hapo ndipo nilipoacha kucheka. Niliwaza visahani vyote nilivyomimina na ripoti zote zenye saini yangu. Nikahisi joto usoni ambalo halikuhitaji chupa.

Jambo la kwanza lilikuwa kujua ndevu zilianza lini, maana kabla ya hapo majibu yangu yalilingana na ya mwenzangu, na baada ya hapo hayakulingana. Mimi sikukumbuka. Mtu haandiki tarehe ya ndevu. Mama akaniamuru nimpigie simu mke wangu, na niweke sauti ya nje ili wote tusikie.

"Mke wangu, samahani, hivi ndevu nilianza kufuga lini?"

"Kwani kuna nini? Kuna mwanamke kauliza?"

"Ndiyo," nilisema, kwa sababu ilikuwa kweli, na papo hapo nikajua kwamba si kila kweli inafaa kusemwa kwa kifupi.

Mama alininyang'anya simu, akamsalimu Kisukuma. "Mwangaluka, mwanangu. Ni mimi, bosi wake. Usiwe na wasiwasi, hakuna anayezitaka. Tunazichunguza tu."

Walielewana haraka kuliko nilivyotarajia, na kwa gharama yangu. Mke wangu alifungua picha kwenye simu yake. Katika harusi ya binamu yake nilikuwa na kidevu kama yai. Kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani, wiki tatu baadaye, tayari kulikuwa na kivuli. Mama aliandika tarehe zote mbili, akachagua ya mapema zaidi kwa usalama, akamshukuru, akamwuliza habari za mama yake. Miezi minne, basi. Ripoti zote nilizosaini ndani ya miezi minne zilipaswa kupitiwa.

Kisha akafungua faili langu la ukaguzi wa kila mwaka. Humo kulikuwa na karatasi inayosema kwamba mchambuzi ametazamwa akipima kuanzia mwanzo hadi mwisho na anafuata mbinu ilivyoandikwa. Mkaguzi alikuwa ametia saini mara sita, mwaka baada ya mwaka. Ilikuwa saini ya Mama.

"Hatua ya kupoza agari ni ndefu," alisema, bila kumwambia yeyote. "Nilikuwa naenda kunywa chai."

Hakuna aliyemwona isipokuwa sisi wawili, na hakuna ambaye angemwuliza. Fomu ilikuwa na sehemu ya wahusika, na jina langu lilikuwa limekwisha kaa hapo peke yake. Mama alichukua kalamu, akabana jina lake kwenye nafasi nyembamba iliyokuwa juu ya langu, ili lisomwe kwanza. Nimewahi kuona watu wakubwa wakikiri makosa kwa hotuba ndefu. Yeye aliandika majina yake matatu, akafunga kalamu, akauliza kama chai bado ipo.

Tulipitia ripoti siku mbili. Nyingi hazikututisha. Samaki walikuwa safi kiasi kwamba hata ukiongeza hesabu yangu mara mbili bado walikuwa mbali na kiwango cha juu kinachoruhusiwa. Tatu zilikuwa karibu na mpaka. Mbili kati ya hizo mwenzangu alikuwa amezipima pia, na hesabu zake zilitutosha. Ya tatu niliipima peke yangu: dagaa wakavu wa mama mmoja wa mwaloni upande wa Kayenze. Kwa utaratibu wetu pakiti moja ya kila sampuli kavu hubaki kabatini ikiwa imefungwa. Tuliifungua, tukapima wote wawili, kwa kipimajoto, Mama akiwa ameketi kwenye stuli bila kwenda kunywa chai. Siku mbili baadaye tulihesabu. Walikuwa wamevuka mpaka. Si kwa mengi, lakini walikuwa wamevuka.

"Nimpigie simu?" niliuliza.

"Habari kama hii haipigwi simu," Mama alisema. "Inapelekwa kwa miguu."

Hatukwenda kwa miguu, tulikwenda kwa pikapu ya maabara, lakini nilimwelewa. Tulimkuta mwenye dagaa akiwa amesimama kati ya chanja zake za kukaushia, amejifunga ushungi wa bluu, anawaelekeza wanawake watatu wapi pa kutandaza. Alikuwa mjane, mtu wa familia ya zamani ya wafanyabiashara wa mjini Mwanza. Babu yake aliuza vitambaa, baba yake ngozi, naye akaamua dagaa. Aliwakausha juu ya chanja badala ya mchangani, akawafunga kwenye pakiti zenye jina, na maduka ya Dodoma yalikuwa yameanza kumwagiza. Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba, akatukaribisha kwenye kibanda chake cha stoo.

Ndani, ukutani, juu ya maboksi, niliona ripoti yangu. Ilikuwa kwenye fremu ya kioo.

Nilieleza kila kitu. Mama hakunisaidia kwa neno hata moja. Mjane alisikiliza mikono ikiwa imekunjwa.

"Kwa hiyo," alisema nilipomaliza, "ulipima dagaa wangu kwa shavu."

"Si dagaa, mama. Agari, ule uji wa—"

"Kwa shavu."

"Ndiyo, mama."

"Hilo lenye ndevu."

"Ndiyo, mama."

"Marehemu mume wangu alifuga ndevu miaka thelathini. Hazikumharibia mtu hata dagaa mmoja."

Nikadhani yamekwisha, kwamba tutacheka. Lakini aligeuka, akanyoosha mkono, akaishusha fremu. Akaifuta vumbi kwa ncha ya ushungi kabla ya kuiweka kifudifudi juu ya boksi.

"Hii ilikuwa ya kwanza kwangu," alisema. "Niliitundika ili hawa wanaofanya kazi na mimi waione."

Ningependa angenitukana. Nilisema samahani, na neno lenyewe lilisikika dogo mle ndani. Maboksi ya dagaa wale yalikuwa bado hapo, karibu yote. Lori la Dodoma lilikuwa lije siku ya tatu yake. Aliyahesabu kwa macho. Akasema atawauza kwa mtu wa chakula cha kuku, na kwamba yale machache yaliyokwisha kwenda maduka ya mjini atayafuata mwenyewe leo hiihii. Hakutuomba tumsaidie kuamua. Aliamua tukiwa tumesimama.

Kisha akauliza swali ambalo sisi ndio tulipaswa kuuliza. "Wadudu hao wametoka wapi? Mimi sijabadili kitu."

Tukachukua sampuli za maji, za chanja, za mifuko. Katika mazungumzo, mmoja wa wale wanawake alisema kwamba pampu ya kisima iliharibika miezi miwili iliyopita, kwa hiyo siku hizi wanaosha dagaa kwa maji ya ziwani, palepale mitumbwi inapopaki. Mjane alimgeukia. Alijua pampu ilikuwa mbovu, lakini alidhani ilikwisha tengenezwa. Nikamwona Mama anavuta pumzi, anaweka miwani machoni, na nikajua neno linalokuja lina maumbo matatu tu. Nikakohoa kwa nguvu. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alilimeza.

Majibu ya maji yalithibitisha. Pampu ikatengenezwa wiki ileile. Nilipompelekea habari hiyo, mjane aliniambia, "Jumamosi uje asubuhi. Mtu anayewahesabu wadudu wa dagaa ajue dagaa wenyewe wanafikaje kwenye pakiti." Halikuwa ombi.

Nilinyoa Ijumaa. Mke wangu alikaa mlangoni akitazama kama mtu anayesindikiza msafiri, kisha akasema atakuja na mimi, maana hajawahi kuniona nikiadhibiwa na mtu mwingine. Tulitandaza dagaa tangu jua lilipochomoza. Unawatawanya kwa vidole, wasilaliane, kisha baada ya muda unawageuza, kisha unawageuza tena, na kunguru wanakutazama kutoka juu ya nyavu wakikusubiri uchoke. Kufika saa tano mgongo wangu ulikuwa hauna la kusema. Kidevu changu, ambacho hakikuwa kimeliona jua kwa miezi minne, kiliungua chote upande wa chini kwa mwanga uliorudi kutoka majini, na wale wanawake watatu walinipa jina ambalo mke wangu amekataa kulirudia mbele ya wakwe. Yeye alitandaza chanja mbili kwa kila moja yangu. Mjane alipita nyuma yetu akisahihisha za kwangu peke yake.

Kule maabara badiliko kubwa lilifuata njia yake ndefu. Zilinunuliwa chupa ndogo za kuwekwa kwenye beseni zikiwa na kipimajoto ndani, ili yeyote aone joto kabla ya kumimina. Umeme ukikatika, kazi inasimama, tunaandika kwamba imesimama. Mimi na mwenzangu tulithibitisha mbinu upya, sampuli baada ya sampuli, na mara hii hesabu zetu zilitembea pamoja. Ile agari mpya ikapitishwa kimyakimya katikati ya shughuli hizo, na juma hilohilo kopo la zamani likafika kutoka bandarini. Saini ya tatu ilikuwa ya mwalimu wa chuo, mtu mkavu sana, aliyeletwa kusoma faili lote. Alisoma kwa utulivu mpaka ukurasa wa nne. Hapo alisimama, akasoma tena, akauliza, "Hapa pameandikwa ndevu?" Mama akajibu, "Ndiyo, daktari, na kuna viambatisho." Vilikuwa picha za harusi na za ubatizo. Alisaini mabega yakiwa yanatikisika.

Dagaa wapya wa yule mjane tuliwapima wote wawili, mara mbili. Walikuwa safi, mbali kabisa na mpaka. Ripoti niliipeleka mwenyewe hadi mwaloni, na Mama akasema naye anakuja kwa kuwa ana hamu ya kuona ziwa, sababu ambayo hakuna mkazi wa Mwanza aliyewahi kuiamini. Mjane alisoma ripoti polepole, kidole kikifuata namba. Akauliza joto la agari lilikuwa nyuzi ngapi. Nikamwambia. Akauliza nani alishika kipimajoto. Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, akaikunja karatasi mara mbili na kuitia kwenye mkoba wake.

"Huitundiki?" niliuliza.

"Nitatundika ya tatu," alisema. "Ikiwa nzuri kama hii." Kisha akamtazama Mama, akatazama viatu vyangu vilivyojaa mchanga, akauliza kama tumekula.